Maji ya Mpakani

Siku ya kwanza nilipoona maji yakikataa kubadilika, nilikuwa nimeinama juu ya meza na mrija wa tete mdomoni, nikipuliza mpaka mashavu yakaniuma. Mbele yangu palikuwa na bilauri mbili za maji ya kijani, kijani cha jani changa la kahawa. Nilipopuliza katika ile ya kwanza, kijani kiligeuka njano kabla pumzi haijaniishia. Nikahamisha mrija kwenye ile ya pili. Nikapuliza, nikavuta hewa, nikapuliza tena. Kijani kikabaki kijani.

Nilikuwa binti niliyemaliza shule ya kati, nikijifunza kazi katika maabara ya hospitali ndogo ya wamisheni huko Mbozi, miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala. Sasa nimezeeka. Nimeona mengi ya kushangaza tangu siku ile, lakini bilauri ile ya pili haijatoka kichwani mwangu. Nitaeleza ilivyokuwa, pamoja na hesabu yake. Kama hesabu zilikutisha shuleni, usifunge ukurasa. Hii ni fupi, na nitakwenda nawe taratibu.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lililoelekea mashamba ya kahawa. Palikuwa na darubini, mizani ndogo ndani ya kisanduku cha kioo, kabati, na pipa nje lililokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mwalimu wangu alikuwa mwanamume wa milimani kwa upande wa Mbebe, aliyepata mafunzo Dar es Salaam. Alizungumza polepole, na Kindali chake kilisikika ndani ya Kiswahili chake kama ngoma ya kijiji cha jirani. Kazi yetu kubwa ilikuwa kupima damu. Tone la damu hupakwa kwenye kioo, likakauka, kisha tunalitia rangi iliyochanganywa na maji. Rangi ikishika vizuri, vijidudu vya ugonjwa huonekana chini ya darubini.

Ila rangi ile ilikuwa na tabia ya kuchagua maji. Maji yakiwa na asidi kidogo, yaani ule uchachu wa ndimu, damu yote hutoka ya waridi na vijidudu hupotea. Yakiwa na alkali, yaani ile hali ya maji ya majivu, damu yote hutoka ya bluu na vijidudu hupotea vilevile. Tulihitaji maji yaliyokaa mahali pamoja, bila kuteleza huku wala kule. Kwa hiyo tulitia vidonge maalumu ndani ya maji ya mvua. Mwalimu aliviita kwa jina alilolisikia kwa Waingereza: bafa. Palikuwa na chupa za maji ya bafa na kopo la vidonge vya bafa. Msimu ule wa masika barabara ilikuwa tope tupu, mzigo wa dawa ulichelewa, na kopo likaisha.

Ndipo shangazi yangu alipoletwa.

Alikuwa dada mdogo wa baba, ameolewa bondeni Kamsamba, kwenye joto na mashamba ya mpunga. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na hakuna aliyezitaja mbele yake. Walimpandisha kwa machela, kisha kwa lori la mchele, akiwa amejifunika blanketi kwenye jua kali na anatetemeka. Homa ilikuwa imemjia, ikamwacha, ikarudi. Aliyekuja naye ni mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye sauti kubwa, ambaye kabla ya kukaa alisimama katikati ya ua wa hospitali, akatazama huku na huku, akasema, "Mahali pazuri. Lakini vyombo vyao sijui."

Daktari wetu alikuwa Mzungu mpole asiyependa kubahatisha. Alimpima shangazi, akatuita mimi na mwalimu kando.

"Inaweza kuwa malaria," alisema. "Inaweza kuwa homa ya papasi. Malaria ya namna hii ningeitibu kwa kwinini, lakini kwinini inaweza kuisumbua mimba, na mimba hii haitaki kusumbuliwa. Homa ya papasi nitaitibu kwa penisilini. Nikikosea, mtoto hatangoja nijisahihishe. Niambieni ni ipi."

Papasi ni wale wadudu wa kwenye nyufa za sakafu za udongo, na homa yao ina hila. Vijidudu vyake hujaa ndani ya damu wakati homa iko juu. Homa ikishuka, vinajificha, na unaweza kutazama kioo mpaka macho yakauma usione kitu. Asubuhi ile homa ya shangazi ilikuwa juu sana. Mwalimu akamchoma shangazi kidole haraka, akapaka vioo vitatu. Hatukupata nafasi ya kupaka zaidi, maana alianza kutapika, na baadaye jasho likamtoka na homa ikaanza kushuka. Tulichokuwa nacho ni hivyo vioo.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye neno lililotuponza.

Mwalimu alikuwa ametoa chupa zetu tupu nje, akaziweka barazani, akaniambia kwa sauti, "Chupa za bafa hizo, ziache hapo." Alitaka kuzijaza maji ya mvua mapya. Bibi alikuwa ameketi karibu, anasonga ugali kwenye jiko la wauguzaji. Alisikia "chupa za bafu". Akajiambia kwamba hizi ni chupa za maji ya kuogea wagonjwa, zimewekwa nje kusubiri kuoshwa, na wenye kazi wamezisahau. Na kama kuna jambo bibi wa kwetu hawezi kulivumilia, ni chombo kilichotolewa nje bila kuoshwa. Akachota majivu ya moto kwenye jiko, akayatia maji, akasugua chupa zile ndani na nje kwa kijiti na kitambaa mpaka zikang'aa. Akazisuuza mara moja, akazirudisha barazani, akaendelea na ugali wake. Hakusema kitu, kwa sababu mtu mwenye adabu hatangazi kwamba amekuoshea vyombo.

Tukazijaza maji ya mvua. Vidonge havikuwepo, lakini mwalimu alisema maji ya mvua yenyewe yanaweza kutufaa kwa siku moja. Tukatia rangi kioo cha kwanza.

Kilitoka cha bluu kama nguo iliyotumbukizwa kwenye wino. Chembechembe za rangi zilitapakaa kila mahali. Mwalimu aliinua uso kutoka kwenye darubini. Tukajaribu cha pili kwa muda mfupi zaidi. Bluu.

"Hii haiwezekani," alisema.

"Maji mabaya?" niliuliza.

"Maji ya mvua hunywa hewa njiani," alisema, akinieleza mimi na kujieleza mwenyewe. "Hewa ina ile gesi tunayoitoa tukipumua. Ikiingia majini inakuwa asidi dhaifu. Kwa hiyo maji ya mvua, kama yanakosea, yanakosea kwenda kwenye waridi. Haya yamekosea kwenda kwenye bluu. Kuna mtu ameyatia alkali."

Akatoa kichupa cha dawa ya kuonyesha rangi. Dawa ile huwa njano kwenye asidi, bluu kwenye alkali, na kijani katikati. Akadondosha tone ndani ya maji ya chupa. Yakawa bluu ya anga baada ya mvua. Akadondosha tone jingine kwenye maji tuliyochota pipani wakati huohuo. Njano.

Wote wawili tukageuka kutazama barazani.

"Bibi," nilimwita, "kuna mtu amegusa chupa hizi?"

"Nimezigusa mimi!" alijibu kwa furaha. "Mwanangu, zilikuwa na utandu. Nimezisugua kwa majivu. Hata nyumbani kwa chifu hawana chupa kama hizo sasa."

"Kwa nini, bibi?"

"Si mmesema za bafu? Nyie watu wa mlimani mnaogea chupa, sikuuliza. Baridi ya huku inaweza kumfanya mtu lolote."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Sikucheka. Nilikuwa natazama kioo cha tatu, cha mwisho, kimelala mezani na damu ya shangazi juu yake, kikavu, cha rangi ya kutu. Homa yake ilikuwa imeshashuka. Tukiharibu hicho, tungengoja homa irudi, na hakuna aliyejua mimba ingeivumilia homa nyingine.

Mwalimu aliacha kucheka aliponiona. "Hiki hatukitii kwenye maji tusiyoyajua," alisema. "Tutatengeneza bafa wenyewe."

Kabatini, nyuma ya pamba, kulikuwa na makopo mawili ya chumvi nyeupe ambayo hayajawahi kufunguliwa tangu nifike. Zote ni chumvi za fosfeti. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hapa ndipo nataka ukae karibu nami.

Fosfeti ni kama mchukuzi, na mzigo wake ni haidrojeni. Chumvi moja ni mchukuzi mwenye mizigo miwili, na yuko tayari kutoa mmoja. Hiyo ndiyo asidi. Nyingine ni mchukuzi mwenye mzigo mmoja, na ana nafasi ya kupokea wa pili. Hiyo ndiyo alkali. Ukiwaweka pamoja ndani ya maji, wanaishi kwa kupokezana. Akija mgeni wa asidi, ambaye huleta haidrojeni zinazozurura, mwenye nafasi anazipokea. Akija mgeni wa alkali, ambaye hutafuta haidrojeni za kuchukua, mwenye mizigo miwili anampa. Wageni wanapokewa pande zote mbili, na maji yenyewe hayatikisiki.

Swali likabaki: tuchanganye kiasi gani cha kila moja?

Uchachu wa maji hupimwa kwa namba inayoitwa pH. Maji matupu yana saba. Chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni alkali. Ila hatua zake ni ndefu kuliko zinavyoonekana. Kutoka saba kwenda sita, haidrojeni zinazozurura zinaongezeka mara kumi. Kwenda tano, mara mia. Ndiyo maana tunatumia logi. Logi inauliza swali moja tu: kumi niipe nguvu gani, yaani kipeo gani, ili nipate namba hii? Ukitaka mia, jibu ni mbili. Ukitaka kumi, jibu ni moja. Ukitaka moja, jibu ni sifuri. Namba zilizo kati ya moja na kumi majibu yao yako kati ya sifuri na moja, na tulikuwa na kitabu cha majedwali cha kuyatafuta.

Mwalimu alichukua chaki akaandika kwenye ubao wa mlango:

pH = 6.8 + logi ya (alkali ÷ asidi)

"Hii 6.8 imetoka wapi?" niliuliza.

"Ni tabia ya fosfeti. Kila jozi ina namba yake, kama kila ukoo una desturi yake. Tazama: wachukuzi wa aina mbili wakiwa sawasawa, alkali kugawanya kwa asidi ni ngapi?"

"Moja."

"Logi ya moja?"

"Sifuri."

"Basi wakiwa sawasawa, maji yanakaa kwenye 6.8. Rangi yetu inataka 7.2. Malizia wewe."

Nikatoa 6.8 kwenye 7.2, ikabaki 0.4. Kwa hiyo logi ya mgawanyo ule lazima iwe 0.4. Nikafungua jedwali, kidole kikishuka kwenye safu ya namba mpaka nikaikuta: mbili na nusu. Alkali iwe mara mbili na nusu ya asidi.

"Mbili na nusu kwa moja," nilisema.

"Mtu anayepima kwa chombo hapendi nusu."

"Basi tano kwa mbili."

Akaitikia kwa kichwa, na nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango wa chumba asichojua kwamba kiko nyumbani kwake. Sikuwa nimegusa maji. Sikuwa nimeonja wala kunusa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na kitabu cha namba, na namba zilikuwa zimeniambia maji yatakuwaje kabla hayajawa hivyo.

Tukapima chumvi kwenye mizani. Uzito wa zile mbili haukuwa sawa, kwa sababu mchukuzi wa aina moja ni mzito kuliko mwenzake, na tulichotaka kulinganisha ni idadi ya wachukuzi, si uzito wao. Tukayeyusha kila moja kwenye maji ya pipa. Tukachanganya vipimo vitano vya alkali na viwili vya asidi. Mwalimu akanipa kichupa cha dawa ya rangi nidondoshe mwenyewe.

Kijani. Kijani chenye bluu kidogo sana ndani yake, kama mashamba yanavyoonekana kwa mbali kukiwa na ukungu. Ndivyo 7.2 inavyotakiwa kuonekana.

Nilitaka kukimbilia kioo cha tatu. Mwalimu akanizuia. "Kwanza tuyajaribu. Umeona majivu yalivyotufanya."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono nyuma, akiwa hana hakika kama amesamehewa. Mwalimu akamwita ndani. "Bibi, tuletee maji ya majivu yako."

"Mnataka kuosha tena?"

"Tunataka uyachafue haya."

Aliingia na kibuyu chake kwa mashaka. Mwalimu akaweka bilauri mbili. Moja ina maji ya mvua yaliyosawazishwa mpaka yakawa kijani. Nyingine ina bafa yetu. Bibi akadondosha maji ya majivu kwenye ya kwanza, na papo hapo yakawa bluu. "Hee!" alisema. Akadondosha kwenye ya pili. Kijani. Akadondosha tena. Akainama, pua yake karibu iguse maji.

"Haya yana kiburi," alisema.

Kisha mwalimu akamwaga zile bilauri, akaweka nyingine mbili kama zile za kwanza, akanipa mrija wa tete. Hapo ndipo nilipopuliza, kama nilivyosema mwanzoni. Pumzi yangu mwenyewe iligeuza maji ya mvua kuwa njano, na ile ya pili ikainyamazia. Nilitazama mrija, nikatazama maji. Tulikuwa tumejaribu kwa majivu na kwa pumzi, kutoka pande mbili tofauti, na bilauri ile ilikuwa imetulia kama mtu anayesali.

"Tupige hesabu ya majivu ya bibi," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, kama tuko kanisani. "Tuna tano za alkali na mbili za asidi. Tuseme majivu yamekuja na nguvu ya kugeuza sehemu mbili za kumi za asidi kuwa alkali. Asidi inapungua kuwa 1.8. Alkali inaongezeka kuwa 5.2. Gawanya."

Nikagawanya. Ikaja karibu 2.9. Logi yake 0.46. Nikajumlisha na 6.8. "Saba nukta mbili sita," nilisema. "Imesogea kidogo tu. Jicho haliwezi kuona."

"Na majivu yaleyale yangeyapandisha maji ya mvua mpaka kumi na moja. Haidrojeni zinapungua mara elfu kumi. Tofauti ni hao wachukuzi tu."

Bibi hakufuata namba, lakini alifuata nyuso zetu. "Niambieni kwa lugha ya watu," alisema. "Kwa nini hayabadiliki?"

Nikafikiri. Upande wa mama yangu ni Wanamwanga wa karibu na Tunduma, na nusu ya ukoo wetu iko ng'ambo, Rodeshia ya Kaskazini. Nilipokuwa mtoto, wageni wakizidi huku, wengine walilala kwa mjomba ng'ambo. Njaa ikipiga kule, watoto wa kule walikula kwetu. Mwingereza aliweka mawe ya mpaka, lakini ukiuliza nyumba ile ina watu wangapi, jibu halikubadilika sana mwaka hadi mwaka.

"Hayana kiburi, bibi," nilisema. "Yana ndugu pande zote mbili. Wakija wengi upande huu, wanavuka. Wakija upande ule, wanarudi."

"Kama watu wa Tunduma!"

"Kama watu wa Tunduma."

"Basi mngesema tangu asubuhi kwamba ni maji ya mpakani," alisema. "Mimi nimesikia bafu, nimeosha. Kosa la nani?"

Tangu siku ile hatukuyaita bafa tena pale maabara. Hata daktari alijifunza kuagiza maji ya mpakani.

Tukatia kioo cha tatu rangi. Nilikisuuza kwa maji yetu, nikakisimamisha kikauke. Mwalimu akaweka tone la mafuta, akashusha lenzi, akatazama. Nilianza kuhesabu miche ya kahawa dirishani. Kisha akasogea kando, akanionyesha kigoda.

Chembe nyekundu za damu zilikuwa zimetandazwa kama punje za mpunga kwenye jamvi, kila moja na rangi yake halisi. Na katikati yao, vyembamba kuliko unywele, vya zambarau, vimejikunja kama nyuzi zilizofumuliwa kwenye sweta: vijidudu vya homa ya papasi. Sijawahi kuona kitu kibaya kilichokuwa kizuri namna ile. Vilikuwepo tangu asubuhi, hata kwenye vile vioo viwili vya bluu, vimefichwa na majivu ya mwanamke mwenye upendo. Hesabu ya tano kwa mbili ilikuwa imevivua nguo.

Daktari alitazama, akasema, "Asanteni," na akaenda kuchukua sindano.

Alituonya kwamba penisilini inapoua vijidudu vile kwa pamoja, mgonjwa hutikisika vibaya kabla ya kupata nafuu, na kwamba hapo ndipo tungejua kama mimba itashika. Ikawa hivyo. Mchana ule shangazi alishikwa na mtetemeko mkubwa kuliko wa kwanza. Alipumua haraka haraka, mdomo wazi, na kitanda kikawa kinagonga ukuta. Bibi alimshika miguu. Mimi nilimshika mkono nikimfuta uso, na nilikuwa naogopa sana. Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu. Nadhani aliona kwamba nahitaji kitu cha kushikilia, na yeye hakuwa na kitu kingine cha kunipa isipokuwa alichokijua.

"Unajua damu yake ni nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikatikisa kichwa.

"Maji ya mpakani. Jozi yake ni nyingine, ile gesi ya pumzi na chumvi yake. Namba ya ukoo wake ni 6.1. Na alkali yake ni mara ishirini ya asidi. Logi ya ishirini?"

Nilikuwa nimeangalia jedwali lile kutwa. "Moja nukta tatu," nilisema.

"Jumlisha."

"Saba nukta nne."

"Saba nukta nne. Kwako, kwangu, kwa bibi, kwa daktari. Sasa msikilize anavyopumua. Homa inachoma, mwili unatengeneza asidi, na kila pumzi anayotoa inaondoa asidi nje. Mapafu yake ni mlango wa mpaka. Anavyotetemeka hivi, ndani yake namba ile karibu haijasogea."

Nikamtazama shangazi. Kwa nje kila kitu chake kilikuwa kinatikisika: meno, mabega, blanketi. Na ndani, chini ya ngozi ya mkono nilioushika, kulikuwa na mto uliotulia, unaopokea na kutoa, unaofanya ile hesabu niliyoifanya kwa chaki, bila chaki, bila jedwali, tangu siku alipozaliwa. Nilijiuliza nani aliyechagua ishirini. Bado najiuliza. Nikamwambia shangazi sikioni, "Pumua tu. Unafanya vizuri." Na nilimaanisha kila neno kwa namna ambayo hakuna mtu mwingine chumbani aliyejua, isipokuwa mwalimu.

Jua lilipokuwa linaegemea upande wa Rodeshia, mtetemeko uliisha. Jasho likamtoka, akalala. Daktari aliweka kikombe chake cha kusikilizia juu ya tumbo, akasogeza, akasogeza tena. Bibi alikuwa amefumba macho. Kisha daktari akainua kidole na kuanza kukipiga hewani, haraka na kwa mpigo sawasawa, kufuata moyo mdogo aliousikia.

Homa haikurudi. Shangazi alikaa kwetu mlimani mpaka mimba ilipotimia, bibi akilalamikia baridi na kuosha kila chombo isipokuwa vya maabara. Mtoto alizaliwa asubuhi ya jua, msichana. Nilikuwepo. Kwa kitambo kidogo hakulia, akatutazama tu, na mimi nikashika pumzi yangu. Kisha kifua chake kikapanda, akavuta hewa ya kwanza, akalia kwa sauti ya bibi yake.

Bibi alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nafikiria mrija wa tete. Pumzi ile ndogo, ukiipuliza kwenye maji ya mvua, ingeyageuza njano. Na ndani ya damu ya mtoto, tayari, bila kufundishwa na mtu, ndugu wa pande mbili walikuwa wameanza kuvuka.